Nani Aliuza Jumatatu

Palikuwa na nchi, na nchi yenyewe si hii yetu wala si ya jirani zetu, msije mkanitia maneno mdomoni. Iko mbali. Kufika huko unapita nchi tatu nne hivi ambazo mambo yake ni mazuri kabisa, ndipo unaikuta.

Serikali ya nchi hiyo ilikuwa na huruma nyingi. Siku moja huruma ikaizidi, ikaona wananchi wanajipatia kivuli bure. Mtu anatoka juani, anasimama chini ya mti wa serikali, anapumzika, anaondoka zake bila risiti. Wakubwa wakasema hii haiwezekani. Ikaundwa Kampuni ya Vivuli vya Taifa, wakawekwa watu wa makoti ya kijani kukata tiketi chini ya kila mti na kando ya kila ukuta. Halafu, kwa huruma ile ile, wananchi wakauziwa hisa za kampuni, ili faida ya kivuli iwarudie wenyewe.

Lugendo alikuwa fundi baiskeli. Alisoma mpaka darasa la tatu akaishia hapo, kwa sababu mwalimu aliondoka kwenda kufuatilia mshahara wake na mpaka leo anaufuatilia. Mambo ya hisa hakuyajua wala hakuyataka. Mkewe Nyamizi ndiye aliyenunua. Nyamizi alikuwa msuka mikeka, na tangu kivuli kilipoanza kulipiwa hakuna mtu aliyenunua mkeka wa kukalia nje. Akaona afadhali naye awe mmoja wa wenye kivuli.

Muuzaji alikuja mlangoni na tai yake, jasho linamtoka.

"Mama, za kawaida ni za watu wa kawaida," alisema. "Wewe chukua hisa za upendeleo. Gawio likitoka, unalipwa wewe kwanza. Kampuni ikifa, Mungu apishe mbali, unapewa chako wewe kwanza."

"Na wa kawaida je?" Nyamizi aliuliza.

"Hao watasubiri."

Nyamizi alikuwa amesubiri maisha yake yote: kwenye bomba, kwenye zahanati, kwenye dirisha la mbegu. Akanunua arobaini za upendeleo, akavifunga vyeti ndani ya khanga, akaviweka chini ya godoro upande wake.

*

Nyamizi akaugua. Jumatatu jioni daktari alimwita Lugendo pembeni, akamwambia mgonjwa anahitaji upasuaji, na upasuaji unahitaji amana, na amana hailipwi kwa machozi. Lugendo akarudi kitandani kumweleza mkewe. Redio ya wodi ilikuwa inasoma bei za siku hiyo. Hisa ya Vivuli ilikuwa mia tisa. Nyamizi akapiga hesabu kwa vidole juu ya shuka.

"Inatosha," akasema. "Na chenji inabaki. Kesho utanunua na sukari."

Jumanne asubuhi Lugendo alifika Soko la Hisa kabla halijafunguliwa. Lilipofunguliwa akakuta dirisha la kuuzia limepigwa ubao, na juu ya ubao pana maandishi mazuri ya rangi ya bluu: TAFADHALI USIPIGE KELELE, BEI ZINAPUMZIKA. Bei iliyokuwa inapumzika ilikuwa arobaini. Si mia nne. Arobaini.

Mchana Waziri wa Bei, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Kasembwe, akalihutubia taifa. Alisema hakuna kilichoanguka. Alisema jambo lililotokea ni la kisayansi: saa sita mchana kila kivuli hufupika, na kampuni yetu ni ya vivuli, basi tulitegemea nini? Wananchi wasubiri jioni, vivuli virefuke. Hakusema jioni ya siku gani. Akamaliza kwa kuwapongeza wawekezaji kwa utulivu wao, akaagiza polisi waulinde.

Nyamizi alikufa Ijumaa saa nne asubuhi, wakati wa kufagia wodi. Mfagiaji alizunguka kitanda, akaendelea.

Tangu hapo Lugendo hakusikia kitu. Chai ikiwa ya moto au baridi ilikuwa sawa. Watu walikuja matangani wakalia, naye akawaangalia kama anayeangalia mvua inayonyesha kwa watu wengine. Kitu kimoja tu kilibaki ndani yake, kama msumari ndani ya tairi. Kutoka mia tisa kwenda arobaini kwa usiku mmoja, hilo si jua wala kivuli. Fundi anajua: gurudumu haliishi upepo lenyewe, kuna pahali umetoka. Kuna mtu aliuza Jumatatu, akauza nyingi, akijua kwamba Jumanne dirisha litapigwa ubao. Lugendo alitaka jina la mtu huyo. Hakujua atalifanyia nini. Alilitaka tu.

*

Baada ya miezi mitano serikali ikatangaza Siku ya Maswali ya Wawekezaji. Kila mwenye hisa mwenye swali akaandikishe swali lake, na Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kudumu wa Kampuni ya Vivuli atayajibu yote kwa uwazi, ndani ya ukumbi uliofungwa.

Lugendo akafungua khanga, akatoa vyeti, akaenda. Kwenye foleni ya kuandikisha alisimama nyuma ya mama mmoja mnene aliyekuja na kigoda chake. Aliitwa Bi Mwanahija, mpishi wa harusi, naye alikuwa na hisa ishirini za upendeleo.

"Una swali, kaka?" alimuuliza.

"Ninalo."

"Mimi sina. Nimesikia kuna soda."

Walipofika mezani, karani alikuwa Bwana Nyenyembe, kijana mpole, mwenye mihuri saba iliyopangwa kwa urefu. Akapokea vyeti vya Lugendo, cheti cha kifo na karatasi ya mirathi, akavisoma vyote, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Pole sana, mzee wangu. Hizi ni za upendeleo."

"Ndiyo."

"Basi huna swali."

"Ninalo, nimekuja nalo."

"Unalo moyoni, mzee. Kisheria huna. Mwenye upendeleo anatangulia kulipwa, kwa hiyo hana kura. Asiye na kura haulizi. Ukishapendelewa, utauliza nini tena?"

"Mimi sijalipwa hata senti."

"Hujalipwa, lakini wewe ndiye wa kwanza katika wasiolipwa." Bwana Nyenyembe alisema hivyo kwa heshima kabisa. "Wenye za kawaida wako nyuma yako."

Bi Mwanahija akacheka mpaka kigoda kikalia.

Karani akaeleza kwamba njia ipo. Hisa za upendeleo zinaweza kubadilishwa ziwe za kawaida, kumi kwa moja. Arobaini za Nyamizi zitakuwa nne. Na hizo nne zitakuwa na kura, na swali moja kwa mwaka.

"Lakini mimi ningekuwa wewe ningetulia," aliongeza kwa sauti ya chini. "Inasemekana jioni inakaribia. Bei ikiamka, wa upendeleo watalipwa kwa bei ya zamani. Mia tisa mara arobaini, mzee wangu. Unaezeka nyumba, unafungua duka la vipuri."

"Ikiamka lini?"

"Waziri amesema jioni."

"Ya lini?"

"Hakusema."

Bi Mwanahija akamvuta shati. "Kaka, usiwape upendeleo wako. Marehemu alijinyima akakuachia. Unataka kuubadilisha na maneno?"

Lugendo aliwaza mabati. Yalikuwa mabati mazuri, mapya, na mvua inapiga juu yake, na yeye amelala chini yake upande mmoja wa godoro. Hakusikia furaha wala huzuni.

"Badilisha," akamwambia karani.

Mihuri saba ikagonga, mmoja baada ya mwingine.

*

Swali lenyewe sasa likapelekwa Kitengo cha Kulainisha Maswali. Nchi hiyo haikuwa na udhibiti wa maneno, hilo lieleweke. Kila mtu alikuwa huru kuuliza. Ila swali kavu linaweza kumkwaruza kiongozi kooni wakati wa kulimeza, basi ilikuwapo ofisi ya kulipaka mafuta kwanza. Mkuu wa kitengo alikuwa bibi mmoja wa miwani, mwalimu mstaafu.

"Soma, baba," alimwambia.

"Nani aliuza Jumatatu."

Yule bibi akasubiri. "Endelea."

"Limekwisha."

"Hilo si swali, baba, hilo ni kofi." Akachukua kalamu, akaandika kwa dakika kumi, akamsomea. Swali sasa lilikuwa linamwomba Mwenyekiti awaeleze wananchi, kwa kifupi au kwa kirefu kadiri atakavyopenda, siri ya afya yake njema katika kipindi hiki chenye changamoto.

"Jumatatu iko wapi?" Lugendo aliuliza.

"Imo katika kipindi."

"Na aliyeuza?"

"Yumo katika changamoto."

"Mama, mimi nimetoa hisa thelathini na sita kwa ajili ya maneno matatu. Niachie matatu yangu. Hayo mengine weka utakayo."

Yule bibi akavua miwani, akamtazama. Labda naye alikuwa na hisa, sijui. Wakaafikiana hivi: ataanza kwa shukrani, ukurasa mmoja na nusu, na maneno yake matatu yatakaa mwisho kabisa, ambako watu huwa wameshalala.

*

Siku ya mkutano ukumbi ulipambwa. Mbele paliwekwa viti vyenye vitambaa vyeupe vya wenye upendeleo, na kila kiti na soda yake na kipande cha keki. Katikati ikapita kamba. Nyuma ya kamba walisimama wa kawaida, na hewa yao ilikuwa ya kawaida pia. Lugendo alikuwa huko. Bi Mwanahija alimpungia mkono kutoka mstari wa pili, mdomo umejaa.

Mwenyekiti wa Kudumu akasimama.

"Ndugu wawekezaji," alisema, "kampuni yenu iko imara. Haijapata kuwa imara namna hii tangu mara ya mwisho ilipokuwa imara. Ni kweli bei imeshuka kidogo kwa asilimia tisini na tano. Lakini nawaulizeni, asilimia tano iliyobaki mbona hamuisifu? Imevumilia. Imekaa na sisi. Hiyo ndiyo asilimia ya kizalendo."

Makofi. Akaeleza kwamba mwaka huu gawio halitakuwapo, na kwamba kwa mujibu wa sheria wenye upendeleo ndio wanaotangulia kutopewa. Wakasimama mmoja mmoja, wakatangulia, wakapewa mkono. Bi Mwanahija naye akapewa mkono, akaufuta keki kwanza.

Yakaja maswali. Lugendo akaitwa kwenye kipaza sauti, akaanza kusoma. Alisoma kama anavyosoma mtu wa darasa la tatu, kidole chini ya neno. Alimshukuru Mwenyekiti kwa miti. Makofi. Akamshukuru kwa kuta. Makofi. Akamshukuru kwa jua, maana bila jua kivuli kingetoka wapi, na hapo ukumbi mzima ukasimama. Ilichukua dakika ishirini. Watu walikuwa wanapiga miayo alipofika chini ya ukurasa, akainua kichwa kwa sababu hapo hakuhitaji kusoma.

"Nani aliuza Jumatatu?"

Mwenyekiti akanywa maji. Akageuka kumnong'oneza mwanasheria, mwanasheria akanong'ona na kitabu, kisha wote wawili wakaonekana kupata nafuu.

"Nalishukuru sana swali hili," Mwenyekiti alisema. "Ni swali zuri, na jibu lake tunalo, limeandikwa, lipo. Kwa mujibu wa kifungu cha kumi na nne, mwenye hisa za kawaida ana haki ya kuuliza. Kwa mujibu wa kifungu cha kumi na tano, jibu hupewa wenye upendeleo. Naomba wenye upendeleo tuingie chumba cha majibu. Ninyi wengine, asanteni kwa kuuliza."

Wa viti vyeupe wakainuka, wakaingia mlango wa pembeni, mlango ukafungwa. Lugendo akabaki kwenye kipaza sauti mpaka fundi umeme alipokuja akamwomba waya wake.

*

Akamngoja Bi Mwanahija nje ya geti, juani, kwa sababu kivuli cha geti kilikuwa cha tiketi. Alipotoka hakuwa anatafuna tena.

"Wametuambia," alisema.

"Sema."

"Wamesoma majina. Watu kumi na mmoja. Wamesema hao ndio waliouza Jumatatu, kwa tamaa zao, wakaliangusha soko la taifa. Watu wakazomea. Mimi pia nilizomea, kaka, nisikufiche, mpaka lilipofika la tisa." Akakaa juu ya kigoda chake. "La tisa ni Nyamizi."

Lugendo akachuchumaa mbele yake.

"Nyamizi wako. Wametaja na jina la baba yake, na mtaa."

"Jumatatu nilikuwa nimemshikia kikombe," Lugendo alisema. "Alikuwa hawezi kushika kikombe."

"Nimewauliza hao kumi na mmoja wako wapi, wakajibu serikali imewatafuta na wote wameshafariki. Mzee mmoja akanong'ona kwamba wa kwanza ni kaka yake, na alifia wodi ya sita. Mwingine akasema na wake pia alifia wodi ya sita. Marehemu alikuwa wodi gani?"

"Ya sita."

Wasomaji wangu ni watu wenye akili kuliko mimi, nao watajua jinsi mgonjwa asiyeweza kushika kikombe anavyoweza kushika kalamu, na ni nani huwa na orodha ya wagonjwa na orodha ya hisa kwa wakati mmoja. Mimi nasimulia tu.

*

Lugendo akarudi ofisini kwa Bwana Nyenyembe, pale Soko la Hisa. Kumbe alikuwa anangojwa. Karani alimwekea kiti, akamkabidhi bahasha yenye nembo.

"Hongera, mzee wangu. Ni msamaha. Rais amewasamehe wote kumi na mmoja. Unasaini hapa kwa niaba ya marehemu kwamba umeupokea, na kwamba familia imejifunza."

Lugendo akaiangalia bahasha bila kuifungua.

"Na jambo moja dogo," Bwana Nyenyembe akaendelea, huku anayakwepa macho yake. "Kwa kuwa marehemu aliuza zote Jumatatu, vyeti ulivyotuletea vilikuwa karatasi tupu. Hizi nne za kawaida zilitoka kimakosa. Naomba uzirudishe. Na swali uliloliuliza, tutalifuta, halikuwa na mwenyewe."

"Kwa hiyo aliuza."

"Imeandikwa."

"Arobaini zote."

"Zote, mzee."

"Kwa bei ya Jumatatu. Mia tisa."

"Alibahatika."

Lugendo akatoa cheti cha hisa nne, akakiweka mezani, akakisukuma mbele taratibu. Kisha akaweka kiganja wazi mahali pale pale.

"Basi nipe hela."

Bwana Nyenyembe akacheka kidogo, akaacha. "Hela gani?"

"Alizouza. Mimi ndiye mrithi wake, karatasi mnayo humo kwenye faili, umeigonga mihuri saba mwenyewe. Kama hakuuza, rudisha hisa. Kama aliuza, nipe hela. Msamaha kaa nao."

Karani akafungua faili, akalifunga. Akagusa muhuri wa kwanza, akagusa wa saba. Jasho likamtoka kama yule muuzaji wa hisa mwenye tai. "Subiri hapo nje, dirishani," alisema. "Naingia ndani kuuliza." Akatoka kwa mlango wa nyuma, na nyayo zake zikasikika zikienda mbali kuliko ofisi ilivyokuwa ndefu.

Lugendo akasimama dirishani. Bi Mwanahija akaja na kigoda, akauliza kuna nini, akaambiwa. Akaenda kumwambia yule mzee wa kaka yake. Yule mzee akaja akasimama nyuma. Akaja pia binti wa yule wa tatu katika orodha, na wajane wawili, na mtu na shangazi yake. Mpaka saa nane walikuwa warithi wa watu kumi na mmoja, na warithi ni wengi kuliko marehemu, wote wanangoja hela za Jumatatu. Foleni ikapita mlangoni, ikashuka ngazi, ikapinda kona.

Saa tisa kipaza sauti cha Soko la Hisa kikakohoa. Ilikuwa sauti ya Waziri wa Bei, na ilikuwa na furaha. Alisema ametazama kutoka dirisha la ghorofa ya nne na kuona kwa macho yake jinsi wawekezaji walivyorudi kwa maelfu. Foleni ni ndefu, alisema, imani imerejea, jioni imefika. Bei ya Vivuli imeamka kutoka arobaini hadi mia mbili na kumi, na bado inanyoosha viungo.

Hakuna aliyepiga makofi kwenye foleni. Mtoto wa mtu alilia akanyamazishwa.

"Kaka," Bi Mwanahija alisema polepole. "Mia mbili na kumi mara ishirini ni ngapi?"

"Ni sufuria zako zote na duka la kuziwekea. Dirisha la kuuzia liko upande wa pili. Nenda kabla hawajapiga ubao."

"Naona haya. Ni kwa sababu yenu ninyi mliosimama."

"Wameshatuhesabu, mama. Ukienda au usipoenda, wameshatuhesabu."

Akaenda. Alikiacha kigoda, lakini Lugendo hakukaa. Jua lilikuwa limegeuka, ukuta wa ofisi ukaanza kutoa kivuli, na mtu wa koti la kijani akaanza kupita na kitabu chake cha tiketi, akiwakatia mmoja mmoja.

Watu wengine walikuwa wanakuja mbio kutoka mjini, waliosikia redio. Mmoja wao, kijana wa shati lililochanika begani, akafika mbele akihema, akamgusa Lugendo.

"Mzee, samahani. Hapa ndipo wanaponunua?"

"Hapa ni pa waliouza," Lugendo alisema. "Una marehemu?"

Yule kijana alishangaa. Akafikiri kidogo.

"Bado," akasema. "Nina mgonjwa."

"Wodi gani?"

"Ya sita."

Lugendo akasogea kidogo upande wa ukutani, akampa nafasi.